Bi Vidude na Ukuta wa Bati

Jina la Bi Vidude hakupewa kwa mapenzi. Alipewa siku aliyoteremka kwenye gari la kukodi akiwa na jenereta mbili ndogo, moja kila mkono, kama mtu anayerudi safari na masanduku yake, akauliza turubai la harusi liko wapi. Siku hizo kila mtu mjini alijua kwamba jenereta ni kitu cha kusukumwa na wanaume wanne, kitu kinachonguruma mpaka bibi harusi anajibu kwa kutikisa kichwa. Mzee mmoja akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hivyo vidude ndivyo vitakavyowasha shughuli yote hii?"

Watu wakacheka. Vidude vikawasha taa, vikawasha spika, vikawasha hata friji ya soda, tena kwa sauti ya chini hivi kwamba mshereheshaji aliuliza mara mbili kama kweli vinafanya kazi. Jina likabaki, na mwenye jina akaliandika kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa stoo yake, ili wale waliocheka wajue pa kumpata.

Kabla ya hapo alikuwa mtoa nakala katika chumba kimoja kando ya barabara, mwenye mashine ya fotokopi, kompyuta na kiti cha mteja. Umeme ulipokatika alikodi jenereta ya jirani, na jenereta ya jirani ikaiunguza fotokopi. Fundi aliyekuja kuitazama maiti alimweleza kwamba jenereta ya kawaida hutoa umeme unaoruka-ruka, na vitu vyenye akili kama kompyuta haviupendi. Zipo nyingine, akasema, zenye bodi ndani inayoupokea umeme huo na kuunyoosha kabla haujatoka. Zinaitwa inveta. Nyepesi, hazipigi kelele, na bei yake ni ya watu wengine.

Bi Vidude alitafuta mpaka akapata za bei ya watu kama yeye. Zilikuwa hazina jina la maana kwenye ganda, na kijitabu chake kiliandikwa na mtu aliyekuwa na haraka. Alinunua moja. Baada ya muda mfupi watu wakawa wanakuja kuuliza jenereta zaidi kuliko nakala, akanunua ya pili, na siku moja akaamka akagundua kwamba biashara yake imebadilika bila kumwambia.

Ila mashine ya bei rahisi nayo ilikuwa na ugonjwa wake. Ukiibebesha mzigo mzito kwa saa mbili tatu, taa nyekundu inawaka, umeme unakatika, na injini inaendelea kuunguruma peke yake kama mtu anayeongea baada ya wageni kuondoka. Ukiiacha ipoe, inarudi. Wenye mashine ghali walikuwa na furaha sana na ugonjwa huo.

Aliifungua juu ya meza ya kulia chakula, mumewe akiwa upande wa pili wa chumba anapinda suruali ya mteja. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa ya kuonya.

"Utaiua," alisema bila kuinua macho.

"Ilishakufa. Natafuta kilichoiua."

Akakipata. Ile bodi ya kunyoosha umeme ilikuwa imefungwa kando ya bomba la moshi, kitu kimoja na kingine vinakaribia kugusana. Aliyeitengeneza alikuwa anatafuta nafasi ndani ya ganda dogo, akaipata hapo. Bi Vidude akaweka kidole kwenye bodi, akakiondoa upesi.

"Baba watoto, hata wewe ningekukalisha juu ya jiko ungezimia."

Akaihamisha bodi upande wa pili, kule hewa inakoingilia karibu na kamba ya kuwashia. Katikati akasimamisha ukuta wa bati, kipande kilichobaki walipoezeka choo, na kwenye ganda akakata dirisha na kuliziba kwa wavu wa chujio la chai. Mumewe alilitafuta chujio lile kesho yake asubuhi, akaambiwa liko kazini.

Kwenye harusi iliyofuata mashine ikafanya kazi tangu mchana mpaka wageni wakachoka wenyewe. Taa nyekundu haikuwaka. Akazifungua nyingine zote na kuzijengea ukuta.

Sasa, mtu mwingine angefunga domo. Bi Vidude hakuumbwa hivyo. Kila alikokwenda, shughuli ikishapamba moto, alimshika mgeni mkono, akamsogeza nyuma ya turubai, akafungua kifuniko cha pembeni na kumulika tochi. "Umeona? Huyu nimemtoa jikoni, nimemweka sebuleni." Aliwaonyesha mafundi, wapiga picha, wapishi, mashemeji wa watu. Aliwahi kumwonyesha mchungaji aliyekuwa anatafuta tu pa kunawa mikono.

"Mama watoto, unawagawia watu riziki yako," mumewe alimwambia kila waliporudi nyumbani. "Ujuzi ni wa kufichwa. Mimi nani anajua nakataje kola?"

"Hakuna anayetaka kujua unakataje kola."

Aliyeumia zaidi na maonyesho hayo alikuwa Mzee Ngurumo, mkodishaji wa jenereta kubwa la dizeli lililotawala mji kabla ya vidude. Ndiye yule aliyefuta miwani. Baada ya miaka ya kununa, naye akanunua zake ndogo, akazijengea ukuta wa bati kimyakimya, akizipitisha mbele ya stoo ya Bi Vidude zikiwa zimefunikwa shuka. Hawakusalimiana. Wakikutana sokoni kila mmoja aligundua ghafla kwamba nyanya za meza ya mbali ni nzuri zaidi.

Hapo ndipo kampuni ilipoingia. Ilikuwa kampuni kubwa ya kuingiza jenereta, yenye ghorofa lake na walinzi wake. Ilitoa toleo jipya la mashine ndogo, bodi upande wa hewa, ukuta katikati, dirisha la wavu. Tena ilikuwa na hataza, karatasi ya serikali inayosema uvumbuzi huu ni wa fulani na hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kuutumia mpaka alipe. Maofisa wakazunguka na mawakili. Mzee Ngurumo alisaini na kuanza kulipa kila mwezi. Bi Vidude aliwauliza maofisa kama wanataka chai, na walipokataa akawaambia kwamba kulipia ukuta alioujenga kwa bati la choo chake, hilo hapana.

Kampuni ikamshtaki, na stoo ikafungwa kwa lakiri za serikali mpaka shauri liamuliwe. Mashine zake zote zikabaki ndani, na kwenye mlango, juu ya jina lake jekundu, likabandikwa tangazo. Kama angeshindwa, zingesagwa kuwa vyuma chakavu na yeye asingeruhusiwa tena kugusa kazi hiyo. Msimu wa harusi ulikuwa unaanza. Jioni alikaa barazani akisikiliza dizeli za watu wengine.

Wakili wake alikuwa binti wa kaka yake, msichana mpole aliyesomea sheria na aliyekuwa akiongea kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Alikuja nyumbani na mkoba wake, akakaa jikoni.

"Shangazi, nijibu kweli. Kabla kampuni haijaomba hataza, nani mwingine aliuona huu ukuta?"

Bi Vidude akamtazama mumewe. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni na pini mdomoni, na macho yake yalikuwa yanasema yale yale aliyoyasema miaka yote.

"Hakuna," Bi Vidude akasema. "Nilificha. Kwani mimi mtoto?"

Binti akaandika, akakunja uso kidogo. "Basi itabidi tujenge hoja nyingine. Tutasema kuhamisha kitu kinachoungua kwenda kwenye ubaridi si uvumbuzi, ni akili ya kawaida." Akafikiri. "Si hoja mbaya. Si nzuri vilevile."

Alipoondoka, mumewe akatoa pini mdomoni. "Umejibu vizuri. Mwenye mali ni aliyeitunza."

Siku ya shauri walikaa katika chumba cha ofisi ya hataza, chumba chenye feni isiyozunguka na meza ndefu. Wajumbe walikuwa watatu, mwenyekiti mwanamke wa makamo mwenye kikohozi. Upande wa kampuni kulikuwa na wakili aliyevaa suti nzuri mpaka mume wa Bi Vidude akasahau kesi na kuanza kuchunguza mshono wa bega.

Bi Vidude aliapa, akakaa. Wakili wa kampuni alimwendea kwa heshima zote.

"Mama yangu, unasema ukuta huu uliujenga wewe kabla ya kampuni."

"Kabla kabisa."

"Na nani aliuona?"

"Hakuna."

"Hata mtu mmoja?"

"Ilikuwa siri yangu. Nilikuwa nafunga mlango."

"Kwa hiyo tunalo neno lako peke yake."

"Neno langu linatosha. Nimezaa nalo, nimelea nalo."

Watu wakacheka, hata mjumbe mmoja. Bi Vidude akarudi kitini kifua mbele. Kisha akamwona binti wa kaka yake. Hakuwa anacheka. Kalamu yake ilikuwa imesimama katikati ya mstari.

Wakati wa mapumziko walisimama kwenye korido, karibu na ndoo ya kudekia.

"Haya, nimekosea wapi?" Bi Vidude akauliza.

"Hujakosea, shangazi. Ni bahati mbaya tu kwamba hakuna aliyeuona. Kitu kikishaonwa na watu hadharani, hakiwezi tena kuitwa kipya. Kama watu wangeuona ukuta wako kabla kampuni haijapeleka maombi, hataza yao ingekufa hapo hapo. Tusingehitaji hoja nyingine."

Mumewe aliyekuwa anakunywa maji aliacha kumeza.

"Rudia," alisema Bi Vidude.

Binti akarudia.

"Mungu wangu. Mji mzima umeuona."

"Shangazi?"

"Mafundi wote. Wapiga picha. Mchungaji. Nimemulika tochi mpaka betri zikaisha. Mzee Ngurumo huyo huyo anayengoja kuitwa chumba cha pili, nilimwonyesha kwenye harusi ya binti yake, jenereta lake lilipozima mbele ya wakwe. Nikaleta zangu, nikafungua kifuniko mbele ya meza kuu. Si ungeniambia, mwanangu?"

"Nilikuuliza. Jikoni kwako. Ukasema umeficha."

Wote wawili wakamgeukia fundi cherehani, ambaye alikuwa amepata kitu cha kutazama ndani ya glasi.

"Nakwenda kuwaambia sasa hivi," Bi Vidude akasema.

Binti akamshika mkono. "Umeshaapa na umeshajibu. Ukigeuza maneno sasa watasema nimekufundisha hapa koridoni. Kwako wewe hiyo njia imefungwa." Akatazama mlango. "Mzee Ngurumo amekuja kufanya nini?"

"Shahidi wao. Amekuja kusema kulipa hakuumizi."

"Mnasikilizana naye?"

"Hatujasalimiana tangu harusi hiyo."

Binti akakusanya karatasi zake. Sauti yake ilikuwa ndogo kama kawaida, lakini alikuwa anatembea haraka.

Mzee Ngurumo aliitwa. Alikuwa amevaa koti la harusi, lile lile, Bi Vidude alilitambua. Wakili wa kampuni alimuuliza kama anazo mashine zenye ukuta, akasema anazo. Kama zinafanya kazi vizuri kuliko zisizo na ukuta. Bila ubishi. Kama analipa. Analipa. Wakili akainama kidogo na kurudi kukaa.

Binti akasimama. Mwenyekiti alimwomba aongeze sauti kabla hajasema neno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Ukuta huu uliuona wapi mara ya kwanza?"

Mzee Ngurumo akavua miwani. Bi Vidude alijua kinachopita kichwani mwake, kwa sababu yeye ndiye aliyekiweka humo. Kulijibu swali lile ilikuwa ni kusimulia mbele ya watu jinsi jenereta lake lilivyokufa kwenye harusi ya mwanawe, wakwe wakiwa gizani na sahani mapajani. Tena ilikuwa ni kuharibu mapatano yake na kampuni. Angeweza kusema kwamba ameuona kwenye tangazo la biashara, na hakuna ambaye angembishia.

"Nimeuona tu," alisema. "Vitu vinaonekana."

"Kwa nani, mzee? Maana shangazi yangu hapa ameapa kwamba alikuwa anaficha. Kwamba ilikuwa siri."

Mzee akaivaa miwani yake. Akageuka polepole akamtazama Bi Vidude, mara ya kwanza kumtazama uso kwa uso kwa miaka.

"Siri?" akauliza. "Huyu?"

"Ndivyo alivyosema."

"Huyu mama ana siri?" Alimgeukia mwenyekiti kama mtu aliyeonewa. "Mheshimiwa, samahani. Mimi nimekuja hapa kwa jambo jingine, lakini huo ni uongo mtupu. Huyu hajawahi kuficha kitu tangu azaliwe. Alituonyesha ukuta wake mpaka tukachoka. Ukienda harusini, ukuta. Ukienda msibani, tena msibani, mheshimiwa, kuna watu wanalia, yeye yuko nyuma ya nyumba na tochi, ukuta."

Wakili wa kampuni alisimama. Mwenyekiti akamwonyesha kwa kiganja akae.

"Ilikuwa lini, mzee, mara ya kwanza?" binti akauliza.

Mzee Ngurumo akashusha pumzi. "Harusi ya binti yangu wa mwisho. Jenereta langu lilizima. Ndiyo, lilizima, chujio la dizeli liliziba, inatokea. Huyu akaja na vidude vyake, vikawaka, na badala ya kukaa kimya kama mtu mwenye haya, akafungua kifuniko mbele ya wakwe zangu akaanza kufundisha. 'Nimemtoa jikoni, nimemweka sebuleni.' Baba mkwe akainama na sahani yake kuchungulia. Kuna picha. Wameiweka kwenye albamu, nimewaambia waitoe, hawataki."

"Na binti yako ana watoto sasa?"

"Wa kwanza yuko darasa la pili. Anajua kusoma."

Mjumbe wa kushoto, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akafungua jalada na kutafuta tarehe ya maombi ya kampuni. Akaisoma mara mbili kwa kidole, akamsogezea mwenyekiti. Mtoto yule, kwa hesabu yoyote ile, alikuwa anatambaa siku kampuni ilipovumbua ukuta.

Mwenyekiti akamuuliza Bi Vidude kwa nini alisema hakuna aliyeuona. Bi Vidude alisimama. Alifikiri kusema ameshikwa na presha. Alifikiri kusema hakuelewa swali.

"Mheshimiwa, nilidhani ukishaonyesha watu, kitu si chako tena. Nikaona nikisema nilificha ndiyo nitaonekana mwenye mali. Nimedanganya, na nilidanganya upande usiofaa."

Mwenyekiti alikohoa kwa muda mrefu, na waliokuwa karibu naye walisema baadaye kwamba si chote kilikuwa kikohozi. Alimwonya Bi Vidude kwa maneno makali kuhusu kiapo, na Bi Vidude akayapokea amesimama wima. Kisha wajumbe wakaagiza picha ile iletwe, pamoja na wakwe.

Wakwe walikuja wamevaa kama vile harusi inarudiwa. Picha ilikuja ndani ya albamu nzima, maana mama mkwe alikataa kuibandua, na wajumbe walilazimika kuifikia kwa kupitia kurasa za keki. Ilikuwa hapo, wazi kabisa: baba mkwe ameinama, sahani mkononi, tochi inamulika, na ndani ya ganda bati linang'aa.

Uamuzi uliposomwa, mwenyekiti alisema baraza halina haja ya kujua kama kampuni ilimwiga mtu au iliufikia ukuta huo kwa akili yake yenyewe. Inatosha kwamba umma ulikuwa umekwisha kuuona. Hataza imefutwa. Lakiri ziondolewe. Wakili mwenye suti nzuri alikuja kumpa binti mkono, na fundi cherehani akapata nafasi ya kuligusa bega lile, akathibitisha alichokuwa anashuku: ni mashine, si mkono.

Nje, kwenye ngazi, Mzee Ngurumo alikuwa anamngoja Bi Vidude. Hawakujua waanze vipi.

"Sasa," alisema mzee, "kampuni silipi tena?"

"Hulipi."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Nikulipe wewe? Maana ndiyo ukuta wako."

Bi Vidude akamtazama mpwa wake.

"Si wa mtu yeyote, shangazi," akasema binti kwa sauti yake ya taratibu. "Huwezi kumtoza. Mtu yeyote mjini anaweza kuujenga. Hata kampuni."

Hilo lilimchoma kidogo, hakuna haja ya kuficha. Alisimama pale akilipima. Kisha akacheka.

"Umesikia. Jenga."

"Basi mjue kabisa," akasema Mzee Ngurumo akifunga kifungo cha koti, "msimu huu nawashushia bei."

"Shusha. Zako zinavuja oili."

"Moja tu."

"Moja na nyingine."

Asubuhi yake ofisa alikuja na koleo akakata lakiri, akabandua tangazo, na gundi ikaondoka na rangi ya herufi mbili za jina. Ndani mlinuka petroli iliyolala. Mashine zilikuwa zimekaa muda mrefu bila kuguswa, na mafuta yalikuwa yameganda kwenye kabureta. Bi Vidude alivuta kamba ya mashine ya kwanza mpaka bega likauma. Hamna kitu. Akakaa chini sakafuni, akatandika gazeti, akafungua kabureta moja baada ya nyingine, akazisafisha kwa petroli mpya na mswaki. Mumewe alikuja na kiti, akakaa mlangoni, na bila kuambiwa akaanza kupokea vijiwaya na kupenyeza kwenye vijitundu vidogo ambavyo macho ya mkewe hayakuviona vizuri. Kwa kazi ya tundu la sindano hakuwa na mpinzani.

Ilipofika adhuhuri alisimama, akafuta mikono, akaishika kamba. Kidude cha kwanza kilikohoa na kuwaka. Cha pili kikawaka. Akaufuata mstari mzima, kamba kwa kamba, mpaka stoo yote ikajaa ule mvumo wa chini unaokuruhusu kuzungumza bila kupaza sauti. Simu ilikuwa inaita mfukoni mwake, harusi ya Jumamosi, na mtu wa upande wa pili alikuwa anauliza kama ni kweli wamefungua.

"Sikiliza mwenyewe," akasema Bi Vidude, akaielekeza simu kwenye mashine.